Ringi Imeingia, Lakini Haijakaa

Gari dogo linalopiga kazi kati ya Singida mjini, Ikungi, Manyoni na Shelui likipinda ringi kwenye shimo, swali linaloulizwa kwenye kijiwe cha pancha ni moja tu: matundu yanalingana? Ringi ya mtumba huvutwa kutoka kwenye rundo, husogezwa kwenye stadi, na ikipita, nati hukazwa, safari ikaendelea. Ndiyo maana si ajabu kukuta Probox yenye ringi tatu za chuma na moja ya alumini, au IST ambayo tairi zake nne zina saizi tatu. Wanaohubiri usalama barabarani huilaani tabia hii yote kwa mkupuo mmoja, na madereva nao huitetea yote kwa mkupuo mmoja. Naona wote wanakosea mahali pamoja. Kuchanganya magurudumu si jambo moja. Kuna mchanganyiko ambao gari litauvumilia miezi, na kuna mwingine ambao haufai hata kwa kilomita 10, na kipimo cha matundu peke yake hakiwezi kuitofautisha.

Chukua mfano wa magari yaliyojaa barabarani. Toyota IST, Vitz na Probox hutumia stadi nne zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Honda Fit hali kadhalika, na Mazda Demio na Nissan March pia. Kwa hesabu ya matundu, ringi zao zote zinavaana. Lakini angalia tundu kubwa la katikati, lile linalokaa juu ya kitovu cha gurudumu. La Toyota hizo ni milimita 54.1, na la Demio ni hilohilo. La Fit ni 56.1, la March ni kama 60. Ringi ya Demio basi inakumbatia kitovu cha IST barabara, ingawa kampuni ni tofauti, wakati ile ya March inaning'inia ikiwa na nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Fundi mzoefu atanipinga hapa, na ana haki: nati za koni huisogeza ringi katikati zenyewe, na duniani kote zinauzwa ringi zenye tundu pana kwa makusudi, zikiambatana na pete ya kuziba nafasi. Nakubali. Nafasi kwenye kitovu peke yake mara nyingi huishia kwenye usukani kutetemeka, na pete ya bei ndogo huimaliza.

Kisicho na pete ya kukitibu ni kikao cha nati. Uzito wa gari haubebwi na stadi kama msumari unavyobeba picha ukutani. Unabebwa na msuguano kati ya uso wa ringi na uso wa kitovu, na msuguano huo huletwa na nati inayobana. Nati ikikosa kukaa sawasawa, mbano hupungua, ringi huanza kucheza kwa kiasi ambacho jicho halioni, stadi hupindishwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, na mwisho hukatika. Sasa nati ya ringi ya chuma ya Toyota ina koni ya digrii 60. Ringi ya Honda imechongwa kikao cha mviringo. Na ringi nyingi za alumini ambazo Toyota yenyewe ilizitoa kiwandani hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Mwenye Probox aliyefunga ringi ya Fit kwa nati zake za koni ameikalisha kwenye mstari mwembamba wa chuma badala ya uso mzima. Kibaya zaidi, spana haitamwambia. Mkono unahisi nati imekaza kwelikweli, kumbe imekaza kwenye ukingo tu, na ukingo huo ukilika, mbano wote unapotea.

Yapo na mengine ya aina hiyo, na haya sina mjadala nayo. Stadi ya Toyota hizi ina nyuzi za hatua ya milimita 1.5, ya Nissan ni 1.25, nati ya Nissan hupokea mzunguko wa kwanza kisha hugoma, na anayeilazimisha kwa spana yenye bomba refu anaua stadi. Wapo pia wanaopanua matundu ili ringi ya duara la 114.3 ivae duara la 100. Kila tundu linapaswa kusogea milimita 7 na ushee kuelekea katikati, maana yake kikao cha nati kimechongwa chote. Gurudumu la namna hiyo halifai hata kulisogeza gari uwanjani.

Tofauti ya kimo cha tairi ni kesi nyingine, na hapa madereva wana hoja nzuri kuliko wanavyopewa. Tairi ya 175/65R14 ina kipenyo cha milimita 583, ya 185/60R15 ina 603. Ukizifunga kwenye ekseli moja, moja kulia na nyingine kushoto, ile ndogo itazunguka kama mara 546 kwa kilomita na kubwa mara 528. Difu imeumbwa kwa ajili ya tofauti kama hiyo, lakini kwenye kona, ambako inafanya kazi sekunde chache kisha inatulia. Kutoka Singida hadi Dodoma, kilomita zinazokaribia 240 ambazo sehemu kubwa ni mnyoofu, giya ndogo za ndani ya difu hazitatulia hata dakika moja. Hazitavunjika siku hiyo, wala mwezi huo. Ndiyo maana dereva anasema ametembea hivyo mwaka mzima na gari halijamlaza njiani, na husema kweli. Ila gharama haiji kwa difu peke yake. Gari limelalia upande, linavuta kuelekea upande mmoja ukikanyaga mafuta na ukikanyaga breki, na mkono wa dereva umezoea kurekebisha bila yeye kujua. Kwenye kuteremka Sekenke, breki zikiwa zimepata moto na lori la transiti likiwa mbele kwenye kona, mazoea hayo ya mkono ndiyo yanayofika ukingoni kwanza.

Pingamizi kali kuliko yote linatoka shambani. Trekta zinazolima alizeti mkoani humu zina tairi kubwa mno nyuma na ndogo mbele, na hakuna anayesema zimevaa vibaya. Ni kweli, na mfano huo unaiunga mkono hoja hii kuliko kuipinga. Kwenye ekseli moja ya trekta, kulia na kushoto ni pacha. Na kwenye trekta inayovuta kwa magurudumu yote manne, uwiano wa giya kati ya mbele na nyuma umepigiwa hesabu kwa vipenyo hivyohivyo; badilisha saizi ya jozi moja tu bila hesabu na mfumo unaanza kuvutana wenyewe. Vivyo hivyo spea nyembamba zinazokuja na magari ya Japani. Tairi yenye alama T125/70D16 ina kipenyo cha milimita 581, ilhali 195/65R15 ina 634. Kiwanda kinajua kwamba hailingani, ndiyo maana kimeandika ubavuni au kwenye ringi upepo wa kPa 420 na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ni tairi ya kukufikisha kwa fundi. Kuitembeza wiki nzima ikiwa na upepo wa tairi za kawaida ni kuifanyia kazi isiyo yake.

Watasema: nadharia nzuri, lakini tairi nne mpya ni pesa ambayo mkulima wa Mkalama au mwenye gari la abiria hana. Sina jibu la kumwambia apate pesa. Jibu nililo nalo halina bei: kama saizi mbili haziepukiki, zipange kwa jozi. Zinazofanana kwa kimo, kwa aina na kwa kiasi cha kashata zilizobaki zikae ekseli moja, na jozi yenye kashata nyingi ikae nyuma. Wengi hufanya kinyume, wakiamini mbele ndiko kwenye usukani. Lakini mbele ikiteleza, dereva anahisi na kupunguza mwendo, ilhali nyuma ikiteleza gari linageuka kabla hajafahamu. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba zinapolowesha vumbi la miezi juu ya lami ndipo tofauti hiyo inapoonekana. Kagua pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri kwenye tairi iliyozeeka juani si kashata.

Ruhusa hii ya jozi haiyahusu magari yanayovuta kwa magurudumu manne wakati wote, kama RAV4 nyingi za zamani na Subaru. Hayo yana kiungo kati ya mbele na nyuma, na jozi mbili zisizolingana hukichemsha kila kilomita. Huko ni nne sawa, hakuna njia ya mkato. Wala haiyahusu magurudumu pacha ya nyuma ya Fuso, ambako tairi ndefu hubeba mzigo wa mwenzake, hupata moto na kupasuka. Kwa saizi zake, vipenyo visipishane zaidi ya milimita 6.

Kwa aliyekwisha kufungiwa ringi ngeni, fungua nati moja uangalie kama imeacha alama duara zima kwenye kikao chake au imekwaruza ukingo tu. Ikiwa ni ukingo, ringi hiyo irudi kwenye rundo. Ikiwa ni duara zima, kaza kwa mfululizo wa msalaba hadi Nm 103, kiasi ambacho Toyota hutaja kwa magari yake mengi madogo, na ukitoka Singida mjini, simama kabla ya kufika Manyoni ukaze tena.