Mshale Uende Upande Mmoja

Chukua duka la vifaa vya ujenzi pale Donholm ambalo siku hizi linauza pia kwenye tovuti. Mteja wa Umoja anabonyeza kitufe cha kulipa, simu yake inamwomba namba ya siri ya M-Pesa, kisha mtambo wa Safaricom unairudishia tovuti jibu. Jibu hilo lapaswa kupokelewa mara moja. Kuandika risiti, kumjulisha mwenye duka na kupunguza hesabu ya stoo ni kazi zinazoweza kufanyika pembeni. Kwa wanaotumia Python, mara nyingi kazi hizi hukabidhiwa Celery, inayozichukua kutoka kwenye foleni ya Redis.

Hapo ndipo ufundi unapojaribiwa.

Faili ya `app.py`, yenye tovuti yenyewe, inaagiza (import) `tasks.py`, yenye kazi za Celery, ili ipate kazi ya kutuma risiti. `tasks.py` nayo inaagiza hifadhidata kutoka `app.py`. Mduara umekamilika. Python huandika jina la moduli katika `sys.modules` kabla haijamaliza kuitekeleza, kwa hiyo `tasks.py` ikirudi kubisha hodi inapewa moduli nusu, kama mtu aliyepakuliwa githeri maharagwe yakiwa bado mawe. Jina inalolitaka halimo, na programu inakufa kabla haijaamka. Tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019, ujumbe wa kosa wenyewe hutaja kwamba huenda mduara ndio chanzo. Ni msaada mkubwa kwa anayejifunza peke yake usiku huko Kayole.

Lakini mduara una hila. Tovuti huingilia faili moja, mfanyakazi wa Celery huingilia nyingine, na mpangilio wa kuagiza hubadilika. Upande mmoja unaweza kuwaka bila tatizo huku wa pili ukigoma. Wateja wanalipa, pesa zinaingia, risiti hazitoki.

Dawa ya haraka ni kuhamishia agizo ndani ya fanksheni. Halitekelezwi mpaka kazi iitwe, na wakati huo faili zote zimeshaiva. Si dhambi, na mara nyingine ndilo jibu sahihi. Likitapakaa kila mahali, hata hivyo, msomaji wa kesho hawezi tena kuona faili ipi inaitegemea ipi.

Fundi hasa huanza na swali jingine: nani ana haja ya kumjua nani? Hifadhidata anaiweka katika `extensions.py`, faili isiyoagiza chochote kutoka kwenye programu. Programu yenyewe anaijenga ndani ya fanksheni ya `create_app`, utaratibu unaopendekezwa na nyaraka za Flask, zana ya Python ya kujengea tovuti. Kazi anazipamba kwa `shared_task` ya Celery, ambayo huziruhusu kusajiliwa bila kuishika programu mkononi. Sasa mishale yote ya nani anamwagiza nani inaelekea upande mmoja, na kazi ya risiti inaweza kujaribiwa bila kuwasha tovuti nzima. Huu ni ustadi wa kweli, ingawa mwenye duka hatauona kamwe: yeye ataona risiti tu, kila mara, kwa wakati.

Enyi mnaowafundisha vijana wa Eastlands Python, waonyesheni mduara huu mapema, waujenge na waufungue kwa mikono yao, kabla hawajakabidhiwa malipo ya mtu.