Sindano ya kabureta: kazi ambayo nati haiwezi kuifanya

Gari aina ya MGB la miaka ya 1960, lililokuwa likitembea vizuri Mombasa, lilipandishwa Nairobi likaanza kutoa moshi mweusi na kula petroli kupita kiasi. Plagi zilitoka zimejaa masizi. Kwanza nati ya jeti chini ya kabureta ilipandishwa ili kupunguza petroli. Moshi ulipungua, lakini gari likawa linazimika kila likisimama kwenye taa.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 16. MGB ina kabureta mbili za SU. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda kadiri injini inavyovuta hewa, ikiinua sindano iliyochongoka kutoka kwenye jeti. Petroli hupita kwenye uwazi unaobaki kati ya sindano na tundu la jeti. Pistoni hushikilia mfyonzo uleule popote gari lilipo, kwa hiyo petroli haipungui sambamba na uzito wa hewa. Matokeo yake, mchanganyiko wa hewa na petroli huzidi kuwa mzito kwa asilimia 9 hivi.

Sasa tupige hesabu. Tundu la jeti lina kipenyo cha milimita 2.29. Gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida barabarani, tuseme sehemu ya sindano iliyo ndani ya jeti ina milimita 1.80. Ikinenepa hadi 1.85, uwazi hupungua kwa asilimia 9, yaani kiasi kilekile tunachokitaka. Lakini injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, sehemu nene ya sindano, tuseme milimita 2.16, ndiyo iliyo kwenye jeti. Hapo milimita 0.05 zilezile hukata asilimia 38 ya uwazi. Nati huipandisha jeti kwenye sehemu nene zaidi ya sindano katika hali zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo anayeitumia kuponya mwendo wa barabarani huinyima injini petroli inaposimama. Ndiyo maana gari hili lilizimika.

Tiba ilikuwa kubadilisha sindano. Kwa MGB za wakati huo, namba 5 ni ya kawaida, 6 hutoa mchanganyiko mzito zaidi, na 21 mwepesi. Namba hizo zinawakilisha vipimo vya kipenyo vinavyochukuliwa kila baada ya inchi moja ya nane kwenye urefu wa sindano. Kuisugua sindano ya zamani kwa msasa kusingesaidia: msasa hupunguza chuma, na sindano iliyokonda huongeza petroli.

Kabla ya kugusa kabureta tena, tapeti, plagi na taimingi zilirekebishwa, na mahali pa kuvuja hewa pakazibwa. Sindano za namba 21 zilifungwa zikiwa zimelingana na uso wa chini wa pistoni, jeti zikawekwa katikati ili pistoni ishuke bila kukwama, na oili nyepesi ikatiwa juu ya kila pistoni. Oili hiyo huchelewesha pistoni kupanda unapokanyaga mafuta ghafla, na hivyo kuipa injini petroli ya ziada kwa muda mfupi.

Kabureta zote mbili zilisawazishwa zivute hewa sawa. Hapo ndipo nati ilipotumika, kwa kazi yake halisi: kurekebisha muungurumo. Pistoni huinuliwa kidogo, chini ya milimita moja. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito. Ikitaka kuzimika, ni mwepesi. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, umefika.

Barabarani, kipimo cha oksijeni kwenye egzosi kilichokuwa kikisoma karibu 13 kwa 1 (hewa kwa petroli) kilisogea hadi karibu 14 kwa 1 katika mwendo wa kawaida, na gari halikuzimika tena kwenye taa. Fundi anayekutana na tatizo hili apime kwanza katika hali zote mbili, gari likiunguruma na likitembea. Kosa likiwa moja kote, alaumu sindano. Likiwa kwenye muungurumo peke yake, ashike nati.