Mofimu -ta- katika Ikisiri za Makongamano ya Kiswahili: Uhakiki

Ikisiri ni sehemu ya makala inayosomwa kwanza, na kwa wasomaji wengi ndiyo pia ya mwisho. Mshauri wa sera wizarani hapati muda wa kupitia kurasa 20 za mjadala wa nadharia; husoma ikisiri, akachukua kauli moja na kuipeleka kikaoni. Kwa hiyo udhaifu wa ikisiri si suala la mtindo tu.

Kasoro kubwa ya ikisiri nyingi imo katika mofimu moja: -ta-. "Makala hii itachunguza", "data zitakusanywa", "mapendekezo yatatolewa". Chanzo chake kinaeleweka. Wito wa ikisiri hutolewa miezi kadhaa kabla ya kongamano, na mtafiti huomba nafasi, pengine na nauli, kabla hajakanyaga uwandani. Katika hatua hiyo ikisiri ni barua ya maombi, na hakuna ubaya. Ubaya huanza pale barua hiyo inapochapishwa bila kuguswa juu ya makala iliyokwisha kuandikwa. Kubadili -ta- kuwa -me- pekee hakutoshi. Kuelezwa kwamba changamoto "zimebainishwa" pasipo kutajwa hata moja ni kunusishwa pilau iliyofunikwa.

Chukuliwe mfano huu wa kubuni: "Kiswahili ni lugha inayokua kwa kasi na ina wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Makala hii itachunguza changamoto za ufundishaji wa Kiswahili katika shule za msingi nchini Uganda. Data zitakusanywa kwa hojaji na mahojiano. Mapendekezo yatatolewa kwa wadau." Mahali pa Uganda pakiwekwa Rwanda, hakuna neno jingine litakalohitaji kubadilishwa. Ilhali nchi hizo mbili hazifanani. Uganda ina lugha nyingi za jamii na kumbukumbu chungu ya Kiswahili kama lugha ya wanajeshi. Kiswahili kilitajwa katika marekebisho ya Katiba ya 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Rwanda, iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, ina Kinyarwanda kinachozungumzwa na takriban wananchi wote. Mwalimu wa Kampala na mwalimu wa Kigali hawakabiliwi na darasa moja. Ikisiri inayowafaa wote wawili haimfai yeyote, na mshauri anayeitegemea atapendekeza jambo lile lile pande zote za mpaka.

Sentensi ya ufunguzi nayo ina lawama yake. Idadi ya wazungumzaji, Siku ya Kiswahili Duniani ya Julai 7, uamuzi wa Umoja wa Afrika wa 2022: hayo wanayajua wote waliomo ukumbini.

Utetezi wa kawaida ni kwamba nafasi haitoshi. Kikomo cha maneno 250 au 300 kinafuata desturi ya uandishi wa Kiingereza, lakini Kiswahili kina nafuu hapa. "Hawakukielewa" ni neno moja lenye ukanushi, nafsi, wakati na yambwa; Kiingereza huhitaji maneno matano. Kweli, -a unganifu hurejesha sehemu ya gharama hiyo, hasa kwa waandishi wanaopenda minyororo kama "ufanyikaji wa uchambuzi wa changamoto za utekelezaji wa sera ya ufundishaji wa Kiswahili". Hapo maneno 13 yametumika na hakuna lililofanyika.

Baadhi ya wahakiki wangependa kamati zikatae moja kwa moja kila ikisiri yenye -ta-. Hatua hiyo ingewaumiza zaidi watafiti chipukizi, ambao bila barua ya mwaliko hawapati fedha za kwenda uwandani. Njia ya haki zaidi ni ikisiri mbili: ya kwanza ya kuomba nafasi, ya pili iandikwe upya makala kamili inapowasilishwa, ikitaja waliohojiwa ni wangapi, wa wapi, na nini kilipatikana. Mhariri asiyeipokea ya pili aizuie makala isichapishwe. Na ikiwa hojaji 40 zilisambazwa na 11 tu zikarudi, basi 11 ndiyo iandikwe.