Walinzi wa Sanduku la Akiba

Kwa wengi katika bonde la Ruzizi, kutoka Nyakabere hadi Uvira, benki ni AVEC ya jirani: kikundi cha akiba na mikopo chenye watu 15 hadi 25. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991. Wanaousimamia hapa kwetu hawana ofisi wala mshahara.

Kila mkutano, wahesabu wawili wanahesabu franki mbele ya wote. Mwandishi anagonga muhuri katika kitabu cha mwanachama, mmoja kwa kila hisa. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu wasio wa komite inayoongoza kikundi. Kazi nzito zaidi ni kumwambia shemeji, hadharani, kwamba deni lake limepita siku.

Ustadi huu haupatikani mara moja. Mzunguko wa akiba ukiisha, fedha zinagawanywa, komite inachaguliwa upya, mafunzo yanaanza tena: kupiga hesabu ya faida, kugawa kwa hisa, kufunga mfuko wa jamii. Mwezeshaji anayewafundisha anakaa nao mpaka hesabu zilingane. Mama asiyejua kusoma anajifunza kushika salio kichwani, alitaje mkutano ujao.

Karo iliyolipwa, mpunga uliopandwa kwa wakati, mgonjwa aliyefikishwa hospitali: nyuma yake kuna hesabu iliyolingana. Tuwalipe walinzi hawa wa sanduku kwa kurudisha mikopo siku yake, na kwa kukubali kuketi tujifunze kazi hiyo zamu yetu inapofika.