Ufundi Uko Miguuni

Mashabiki wengi wa tenisi husifu mkono. Mimi nausifu mguu, na sijaona mahali unapotendewa haki kama kwenye mashindano ya wanawake ya Stuttgart, Ujerumani.

Yalianza mwaka 1978 ukumbini Filderstadt, mji jirani. Tracy Austin, Mmarekani wa miaka 15, akatwaa taji la kwanza, kisha mengine matatu mfululizo. Martina Navratilova akampita kwa kutwaa mataji sita. Mwaka 2006 yakahamia Porsche Arena, Stuttgart, na tangu 2009 huchezwa kwenye udongo mwekundu chini ya paa. Humo hakuna jua wala upepo wa kusingizia. Udongo nao huupunguza mpira kasi, hata pigo ambalo kwingine lingemaliza kazi hapa hurudishwa. Ushindi ni wa anayeuwahi mpira akiwa ametulia.

Mtazame anayejua kuteleza. Huanza mpira ukiwa bado njiani, goti amelikunja, uzito ameuegemeza mguu wa mbele. Mtelezo unakwisha pale pale raketi inapokutana na mpira. Akishapiga, papo hapo anajisukuma kurudi katikati. Aliyechelewa hupiga kwanza, akateleza baadaye; udongo humbeba hadi pembeni, nyuma yake uwanja mzima uko wazi.

Hakuna anayezaliwa na ujuzi huo. Mwaka 2007 Maria Sharapova alijifananisha na ng'ombe juu ya barafu kila akanyagapo udongo. Akafanya kazi, na taji la Stuttgart likawa lake 2012, 2013 na 2014. Laura Siegemund, mzaliwa wa Filderstadt, alifika fainali ya 2016 akitokea hatua ya mchujo, akafungwa na Angelique Kerber. Mwaka uliofuata alirudi kwa nafasi ya mwaliko, akachukua taji pamoja na gari la Porsche ambalo ni zawadi ya bingwa. Mcheza kwao hutunzwa, naam, ila Siegemund alitunzwa kwa jasho lake.

Nguvu huja na ujana na kuondoka nao; ufundi wa miguu hubaki. Navratilova alitwaa taji lake la sita mwaka 1992 akiwa ameshavuka miaka 35, umri ambao wengi wameshastaafu. Kwa hiyo wenye mabinti wanaoanza kushika raketi leo, nawasihi: kabla ya kuwafundisha kupiga, wafundisheni kufika.