Pearl Harbor: topido katika maji ya mita 12

Topido inayoangushwa na ndege huzama kwanza, ndipo inaanza safari yake. Ina uzito wa zaidi ya kilo 800 na huingia majini kwa kasi ile ile ya ndege iliyoibeba. Kwa topido za mwanzoni mwa miaka ya 1940, kushuka mita 30 au zaidi kabla ya kupanda na kushika kina chake lilikuwa jambo la kawaida. Bandari ya Pearl Harbor, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, ina kina cha mita 12 hivi. Topido ingejichimbia kwenye tope, basi. Wakuu wa jeshi la majini la Marekani waliijua hesabu hiyo, na ni moja ya sababu za kutozizungushia manowari zao nyavu za chuma. Isitoshe, nyavu zingebana njia za meli katika bandari ambayo tayari ilikuwa finyu.

Wajapani nao waliijua. Tofauti ni kwamba wao waliipeleka karakana.

Watu husimulia zaidi habari za majasusi na siri za shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor, 7 Desemba 1941. Mimi naona kazi nzima ilisimama juu ya vipande vya mbao. Mafundi walifunga mapezi ya ziada ya mbao kwenye mkia wa topido ya Aina ya 91. Hewani, mapezi hayo yaliishika isibingirike wala kuelekeza pua chini mno. Topido ilipogonga maji, mbao zilivunjika zikabaki nyuma, nayo ikaendelea na safari bila kugusa tope. Marubani pia walifundishwa upya: washuke hadi mita 20 hivi juu ya maji, wanyooshe ndege, ndipo waachie. Mazoezi yalifanyika ghuba ya Kagoshima, ndege zikipita chini juu ya mji wenyewe, maana Pearl Harbor nayo haikuwa na nafasi ya kujipanga kwa mbali.

Na si kwamba dunia haikuwa imeonywa. Usiku wa 11 Novemba 1940, ndege 21 za Uingereza, za muundo wa kizamani wenye mabawa mawili mawili, zilishambulia bandari ya Taranto na kupiga kwa topido manowari tatu kubwa za Italia katika maji yasiyo na kina. Habari hiyo ilisomwa Tokyo na ilisomwa Washington.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Baadhi ya manowari ziliegeshwa mbili mbili, ubavu kwa ubavu, hivyo ile ya ndani haikufikika kwa topido. Kwa hizo Wajapani walichukua makombora ya mizinga ya meli, ya sentimita 41, wakayachonga upya na kuyatia mapezi yawe mabomu ya kilo 800 hivi ya kuangushwa kutoka mita 3,000. Moja lilitoboa sitaha ya manowari Arizona na kulipua ghala la baruti. Katika meli hiyo pekee walikufa watu 1,177, karibu nusu ya Wamarekani 2,403 waliouawa siku ile.

Safari yenyewe ilihitaji uvumilivu kuliko ubunifu. Meli sita za kubeba ndege, chini ya Admirali Nagumo, ziliondoka ghuba ya Hitokappu 26 Novemba, zikapita kaskazini ambako bahari ni chafu na meli za biashara ni adimu, redio zimenyamaza, meli za mafuta zikifuata. Ndege kama 350 ziliruka kwa mikupuo miwili. Rada ya Opana, kisiwani Oahu, iliuona mkupuo wa kwanza saa 1 na dakika 2 asubuhi. Afisa aliyepokea taarifa alidhani ni ndege za Marekani zilizotarajiwa kutoka California, akasema wasijali. Viwanjani, ndege zilikuwa zimepangwa bawa kwa bawa ili iwe rahisi kuzilinda dhidi ya wahujumu. Kwa aliyekuja na mabomu, hiyo ilikuwa zawadi.

Kesho yake Baraza la Wawakilishi la Marekani liliidhinisha vita kwa kura 388 dhidi ya 1. Vita hivyo vya Mashariki ya Mbali ndivyo vilivyowafikisha askari wetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, kwenye misitu ya Burma.

Sasa tuangalie kilichoachwa. Matangi ya mafuta hayakuguswa. Karakana na vituo vya nyambizi vilibaki vizima. Meli za kubeba ndege za Marekani hazikuwa bandarini, na Nagumo hakurudi kupiga tena. Halafu kuna yale maji: bahari kuu ingezimeza manowari zile moja kwa moja, lakini katika mita 12 zilikaa tu chini, wapiga mbizi wakizifikia. Kati ya manowari kubwa nane zilizokuwepo, sita zilirudi vitani. West Virginia, iliyopigwa topido kadhaa ubavuni, iliibuliwa mwaka 1942. Usiku wa kuamkia 25 Oktoba 1944, katika mlangobahari wa Surigao huko Ufilipino, mizinga yake ilikuwa ikizipiga manowari za Japani.