Soma Ubavu Kabla ya Kulipa

Tairi la gari dogo lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huwa na namba ubavuni inayomweleza mnunuzi meno yake yanatarajiwa kudumu kiasi gani: 300, 420, 500 au zaidi. Namba hiyo hutokana na majaribio ya barabarani karibu na mji wa San Angelo, Texas. Huko msafara wa magari huzunguka njia ya maili 400 hadi kila tairi litimize maili 7,200, kisha meno hupimwa na kulinganishwa na ya tairi la kipimo. Ni kipimo chenye kasoro zake, lakini kinampa mnunuzi mahali pa kuanzia.

Mnunuzi wa tairi la pikipiki hana namba ya namna hiyo. Utaratibu huo wa Marekani hauzihusu pikipiki, na lebo ya matairi ya Umoja wa Ulaya haizihusu pia. Dereva wa bodaboda anayesimama mbele ya duka la vipuri Kariakoo na kuuliza lipi linadumu, hujibiwa kwa neno la muuzaji, na akirudi kijiweni hujibiwa kwa neno la wenzake. Mmoja anaapa kwa MRF, mwingine kwa CEAT, wa tatu anasema tairi lililokuja na pikipiki kutoka kiwandani halina mfano. Wote huenda wanasema kweli, kila mmoja kwa njia anayopita, abiria anaowabeba na upepo anaojaza.

Jibu la uhakika zaidi limeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa herufi ndogo ambazo wanunuzi wengi huzipita.

Chukua tairi la nyuma linalofungwa kwenye pikipiki nyingi za kazi Afrika Mashariki. Huandikwa 3.00-17, yaani upana wa inchi tatu na rimu ya inchi 17. Baada ya hapo huja tarakimu mbili na herufi moja, kwa mfano 45P au 50P. Herufi ni ya mwendo. P inamaanisha tairi limeidhinishwa hadi kilomita 150 kwa saa, mwendo ambao bodaboda haiufikii. Tarakimu ndiyo yenye habari. Ni namba ya mzigo: 45 ni kilo 165, na 50 ni kilo 190. Matairi mawili ya ukubwa uleule, yanayoning'inia kwenye msumari mmoja, yanaweza kupishana uwezo kwa kilo 25, na kwa macho yakaonekana sawa kabisa.

Kilo 25 hizo zina uzito gani katika kazi? Pikipiki ya cc 150 ya aina ya Boxer huwa na kilo 120 hivi. Ongeza dereva wa kilo 70, jumla inakuwa 190, na kidogo zaidi ya nusu ya uzito huo hukalia gurudumu la nyuma, tuseme kilo 105. Abiria wa kilo 75 akipanda, hagawanyi uzito wake sawasawa kati ya mbele na nyuma. Amekaa karibu juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kilo 65 au zaidi zinashukia hapo. Sasa tairi la nyuma limebeba kilo 170. Tairi la 45 limekwisha kuzidiwa kabla hata begi la abiria halijapakiwa, ilhali la 50 lingali na nafasi. Akipanda abiria wa pili, ule mshikaki uliozoeleka jioni mvua inaponyesha na daladala zimejaa, huyo anakaa juu kabisa ya ekseli au nyuma yake. Uzito unafika kilo 245 na kupita uwezo wa matairi yote mawili.

Makadirio haya yanaeleza jambo ambalo mafundi wa pancha huliona kila siku: matairi ya nyuma ya pikipiki mbili zilizonunuliwa pamoja huisha kwa tofauti kubwa. Tairi lililozidiwa hubonyea zaidi kila linapozunguka. Kubonyea huko huzalisha joto, joto hulainisha mpira, na mpira laini husagika upesi juu ya lami. Wakati huohuo nyuzi za nailoni zilizo ndani huchoka, na ndipo uvimbe hujitokeza ubavuni au tairi hupasuka likiwa bado na meno ya kutosha. Tairi la namna hiyo halikufikia hata uhai wake wa kawaida, na mwenye pikipiki atailaumu kampuni.

Karibu na namba ya mzigo huwa kuna alama nyingine, 4PR, 6PR au 8PR. Wauzaji wengi huifasiri kuwa ni idadi ya matabaka ya nyuzi. Zamani, nyuzi zilipokuwa za pamba, ilikuwa hivyo. Siku hizi ni kiwango cha nguvu tu, na tairi la 6PR linaweza kuwa na matabaka machache kuliko sita kwa sababu nailoni ni imara zaidi. Kwa mbeba abiria na mizigo, 6PR ni chaguo la busara nyuma. Kwa mtu anayekwenda ofisini peke yake, 4PR inatosha, na atapata tairi jepesi lisilomrusha sana kwenye matuta.

Sehemu ya pili ya hesabu iko ndani ya mpira wenyewe, na ina historia inayostahili kusimuliwa. Matairi ya mwanzo kabisa hayakuwa meusi. Yalikuwa meupe au ya kijivu, rangi ya mpira asilia uliochanganywa na oksidi ya zinki, na yalilika haraka mno. Mwaka 1904, katika kiwanda kilichokuwa Silvertown, mashariki mwa London, mkemia S. C. Mote alibaini kwamba masizi laini ya kaboni yakichanganywa na mpira huupa uimara ambao haukuwahi kuonekana. Chembe za masizi hushikamana na mnyororo wa mpira na kuuzuia usikatike kirahisi unapovutwa na kusuguliwa. Weusi wa tairi tunaouona leo ndio chanzo cha kudumu kwake. Baadaye, mwaka 1992, Michelin ilileta sokoni tairi la gari ambalo sehemu kubwa ya masizi hayo ilibadilishwa kwa silika, ili tairi livingirike kwa wepesi na bado lishike vizuri kwenye lami yenye maji.

Tangu hapo kila kiwanda kinavutana na mambo matatu: kudumu, kushika barabara na kuvingirika kwa wepesi. Ukiongeza moja, mara nyingi unapunguza jingine. Mpira mgumu hudumu, lakini kwenye lami iliyolowa huteleza mapema. Mpira laini hushika, lakini huacha sehemu yake barabarani kila breki inapokanyagwa. Kwa pikipiki kubwa viwanda vimepata njia ya kukwepa mvutano huu kwa kutumia mipira miwili katika tairi moja, mgumu katikati na laini pembeni, kama Michelin wanavyofanya kwa teknolojia waliyoiita 2CT. Katikati ndiko pikipiki inakotembelea saa nyingi, na pembeni ndiko inakoegemea kwenye kona. Matairi membamba ya 2.75 na 3.00 kwa kawaida hutengenezwa kwa mpira wa aina moja tu, kwa hiyo uamuzi wa ugumu unabaki kwa mnunuzi.

Na hapa wengi hukosea kwa kununua pea moja ya tairi gumu, mbele na nyuma, ili wasirudi dukani mapema. Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma na kubeba, kwa hiyo tairi lake huisha kabla ya la mbele, mara nyingi kwa tofauti kubwa. La mbele halina haraka ya kuisha. Kazi yake ni kuongoza na kusimamisha, kwani breki inapokamatwa kwa nguvu sehemu kubwa ya uzito husukumwa mbele. Tairi la mbele likiteleza, dereva na abiria wako chini kabla hawajajua kilichotokea. Pesa ya kudumu itumike nyuma. Mbele inunuliwe mshiko, hasa katika mji kama Dar es Salaam ambako mvua ya kwanza baada ya kiangazi hukutana na mafuta na vumbi lililokaa juu ya lami kwa miezi.

Meno nayo yana lugha yake. Tairi la nyuma lenye ukanda wa mpira usiokatika katikati, na mifereji michache inayokimbilia pembeni, huweka mpira mwingi juu ya lami na kulika polepole. Lile lenye meno makubwa yaliyoachana, linalopendwa kwa sababu linaonekana la kazi, limetengenezwa kwa udongo. Kwenye lami kila jino hupinda na kujisugua peke yake, na makali yake huisha upesi. Lakini asidharauliwe anayelinunua. Dereva anayeishi mitaa ya udongo ya Kivule au Goba, anayepita tope wakati wa masika kabla ya kufika lami, anahitaji kitu cha kuuma ardhi. Kwake linafaa tairi la kati, lenye ukanda wa katikati uliokatwakatwa kidogo na mabega yenye meno. Litaisha mapema kidogo kuliko lile la lami tupu, na hiyo ni gharama ya haki.

Upepo ndio unaoamua kama uchaguzi wote huu utazaa matunda. Kwa pikipiki ndogo za aina hii, mwongozo wa mtengenezaji huwa karibu na 25 psi mbele, 28 nyuma dereva akiwa peke yake, na 32 akiwa na abiria. Namba ya mzigo iliyoelezwa hapo juu hupatikana tu tairi likiwa limejaa sawasawa; tairi la 50 lenye upepo wa 18 halibebi kilo 190 zake. Likipungukiwa, hulika mabegani huku katikati kukiwa kuzima. Likijazwa kupita kiasi, kama wafanyavyo wanaotaka kuokoa mafuta, huvimba katikati na kulika mstari mmoja tu, na pikipiki huanza kurukaruka kwenye mashimo. Kupima kwa kidole gumba au kwa kupiga teke hakuonyeshi tofauti kati ya 22 na 30. Geji ndogo ya mkononi huionyesha. Upimaji ufanyike asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa sababu likishatembea joto hupandisha upepo, na anayeupunguza wakati huo atakuwa na upungufu kesho yake.

Mpira wa ndani una mchango wake. Tyubu ya butili, aina ya mpira iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1937, huvujisha hewa polepole zaidi kuliko ya mpira asilia. Tairi jipya likivalishwa tyubu ya zamani yenye viraka vingi, upepo utapungua kidogo kidogo bila pancha yoyote kuonekana, na tairi litaliwa mabegani. Kufunga tairi jipya ndiyo nafasi nzuri ya kubadili tyubu na kukagua utepe unaofunika vichwa vya spoku. Fundi aangalie pia kama gurudumu la nyuma limenyooka sawa na la mbele. Likikaa upande baada ya cheni kukazwa, tairi litalika upande mmoja hata liwe bora kiasi gani.

Kuna namba ya mwisho ambayo muuzaji hataionyesha mwenyewe. Kwenye matairi mengi, ndani ya duara dogo au mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT, huwa kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Pengine zimeandikwa ubavu mmoja tu, hivyo tairi ligeuzwe. Mpira huzeeka hata usipotumika, na jua huharakisha kuzeeka huko. Tairi lililoning'inizwa nje ya duka kiangazi kizima linaweza kung'aa kwa dawa ya kupaka huku likiwa limeanza kukauka ndani. Likunjwe kidogo kwa mikono, na mifereji yake itazamwe: nyufa nyembamba kama nywele zikionekana, lirudishwe mahali pake.

Bei ije baada ya yote haya, na ihesabiwe kwa kilomita. Kwa mfano tu, tairi la shilingi 45,000 likitembea kilomita 9,000 limegharimu shilingi 5 kwa kila kilomita. La 80,000 likitembea kilomita 20,000 limegharimu shilingi 4, na limempunguzia dereva safari moja ya kwa fundi na nusu siku ya kazi. Lakini hesabu hiyo huanza na kuandika. Dereva aandike namba ya dashibodi siku anayofunga tairi, na aiandike tena siku ya kulitoa. Baada ya matairi mawili au matatu atakuwa na ushahidi wa njia yake mwenyewe. Asisubiri mpaka kipara ili kupata kilomita za ziada: kwenye mifereji kuna vinundu vidogo vilivyoonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI, na meno yakishafika usawa wa vinundu hivyo tairi limemaliza kazi. Lililochongwa meno upya kwa kisu halifai kwa abiria, kwa kuwa mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba mno.

Kwa anayebeba abiria mmoja kila siku kwenye rimu ya inchi 17 na barabara za lami, uamuzi ni huu: nyuma 3.00-17 yenye 50P na 6PR, ukanda wa katikati usiokatika, iliyotengenezwa karibuni, mbele 2.75-17 yenye mpira wa kushika. Anunue na geji siku hiyohiyo, na apime upepo kila Jumatatu kabla ya kuwasha pikipiki.